Watano Kwenda, Wanne Kurudi

Juzi nilikuwa dukani hapa Bunda, nimekuja kununua nyuzi za cherehani, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaomba sabuni ya kuogea. Muuzaji akamletea ile ya rangi ya waridi. Yule mama akachana karatasi kidogo pembeni, akainusa, akatikisa kichwa, akaomba nyingine. Harufu ikanifikia pale nilipokuwa. Sikushtuka wala sikulia. Nilijikuta tu nimetoka nje, nimesimama kwenye kivuli cha ukuta, nyuzi sijanunua, na mwendesha bodaboda ananiuliza naelekea wapi.

Wenzangu tuliokuwa wadogo miaka ile ya shida hawahitaji kuelezwa sabuni ilikuwa nini. Duka la kijiji chetu, upande wa Butiama, lilikuwa na rafu, lilikuwa na mizani, lilikuwa na muuzaji aliyefungua mlango kila asubuhi na kukaa. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Kuoga tulijisugua kwa dodoki na maji matupu, tukapauka, na kwa kuwa tulipauka wote hakuna aliyemcheka mwenzake. Shati la baba la kwenda kanisani mama alikuwa ameligeuza kola, upande wa ndani ukawa wa nje, na upande huo nao ulikuwa umeanza kuisha.

Kwa hiyo asubuhi ile, mama alipoinua sanduku lake la bati na kutoa chini yake kipande cha sabuni ya waridi kilichofungwa kwenye kitambaa, nilijua siku imefika. Alituogesha nyuma ya jiko, kwenye karai, kwanza mdogo wangu Nyamisi, halafu mimi. Hakuwa na haraka. Alipitisha sabuni nyuma ya masikio, kwenye visigino, hata katikati ya vidole vya miguu. Nyamisi alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anapuliza povu na kulifukuza uani. Mimi nilikuwa na minane, na nilisimama kwenye karai mikono imening'inia, kwa sababu sabuni ya namna ile nilikuwa nimeiona ikifanya kazi mara moja tu. Ilikuwa siku bibi alipofariki. Wanawake waliingia nayo chumbani kwake pamoja na ndoo ya maji, wakafunga mlango.

Inabidi nieleze nilichokuwa nakijua, au nilichodhani nakijua.

Mwaka uliotangulia ng'ombe wetu wote walikuwa wameibiwa. Walikuja wezi wengi wenye silaha, baba akatukataza hata kukohoa, asubuhi zizi likawa wazi na mavi bado yanafuka. Tukategemea mihogo. Mihogo nayo ikaingiwa na mdudu mweupe kama unga, majani yakajikunja, mizizi ikawa nyuzi. Mvua za vuli hazikuja. Tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada, mara moja kwa siku, na baba, ambaye jioni alikuwa anawafundisha watu wazima kusoma, aliacha kwenda kufundisha kwa sababu wanafunzi wake walikuwa hawana nguvu ya kuja.

Siku chache kabla ya safari nilikuwa nyuma ya ghala, natafuta yai la kuku wetu mmoja aliyekuwa akitaga ovyo. Mama alikuwa anapepeta uwele upande wa pili. Nikamsikia baba akija.

"Basi litakuwepo Alhamisi," alisema. "Tutaenda watano, tutarudi wanne."

Ungo ukanyamaza. "Nani?" mama akauliza.

"Mkubwa. Ameshakomaa, atafaa. Huyu mdogo ataweza nini?"

"Baba Wakuru."

"Tumeshasema, Mama Wakuru. Kule ziwani atapokelewa vizuri. Akienda mmoja, hawa wengine watapumua."

Wakuru ni mimi. Mkubwa ni mimi. Na ziwani nilikuwa najua ni wapi, ingawa sikuwa nimewahi kupaona. Shuleni kulikuwa na msichana mwenye ndugu Musoma. Ndiye pekee darasani aliyekuwa ameliona ziwa, kwa hiyo habari zote za ziwa zilikuwa zake. Alikuwa ametuambia kwamba mvua ikikataa kabisa, ziwa linakuwa linataka mtu. Likipewa, mvua inarudi. Alisema watu wazima huwa hawasemi, wanaenda naye kama wanaenda kutembea.

Sikumuuliza mama. Mtoto wa nyumba zile hakuuliza maneno aliyoyasikia kwa kuiba. Nililiokota yai, nikalipeleka jikoni.

Basi lilikuwa linakuja kwetu mara mbili kwa wiki, likijaliwa dizeli. Siku ile lilikuwepo. Tairi moja la nyuma lilikuwa limeshonwa kwa kipande cha tairi jingine na boliti, ukikaa upande ule unazihesabu boliti kwa makalio. Baba alivaa shati lake la kola iliyogeuzwa. Mama alimfunga mgongoni Magesa, mdogo wetu mchanga wa kiume, na mkononi alishika kimfuko cha karanga ambazo nilikuwa nimekatazwa kuzigusa kwa mwezi mzima. Mimi nilivaa gauni la mama lililopunguzwa. Nyamisi alipewa dirisha.

Kila alipoona maji aliuliza. Tulipita lambo la kunyweshea mifugo, akauliza, "Baba, ziwa ni hili?" Baba akasema bado. Tukapita dimbwi barabarani pale Makutano, akauliza tena, watu wakacheka, mzee mmoja kiti cha mbele akamwambia, "Ukiliona hutauliza, mama." Nyamisi alifurahi kuchekewa. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, akipewa neno moja na mtu asiyemjua anatosheka nalo safari nzima.

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya baba. Ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Nilikuwa nafikiri, mtu anayekwenda kufanya jambo hilo mikono yake ingetetemeka. Halafu nikafikiri, labda haitetemeki kwa sababu wanasema ni desturi. Nilikuwa nimeshaogopa siku zote zile tangu nyuma ya ghala, na hofu ilikuwa imefika mahali ikaishiwa, kama kisima kinavyoishiwa. Nilikuwa naona kila kitu vizuri sana, boliti, kola ya baba, jasho kwenye shingo ya mama, lakini kama vile naviona kwa niaba ya mtu mwingine.

Tulipopita Bweri ndipo lilipoonekana. Kwa macho yangu halikuwa chini, lilikuwa juu, limesimama nyuma ya mapaa ya nyumba kama ukuta wa bluu. Nyamisi hakuuliza. Alifungua mdomo tu, akauacha wazi.

Mjini tulishuka Iringo, tukatembea kwa miguu. Duka moja lilikuwa limepangwa makopo ya dawa ya viatu kutoka chini mpaka darini, hakuna kitu kingine ndani. Kwenye duka la mikate kulikuwa na foleni, baba akaingia foleni, tukamsubiri juani kwa muda mrefu. Alirudi na nusu mkate. Alimpa Nyamisi kipande, akanipa mimi kipande kikubwa zaidi. Sikuwahi kupewa kikubwa zaidi mbele ya wageni au wenyeji. Nikakila chote.

Mwaloni, yaani pale mitumbwi inapofikia, kulikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiipata kwenye gunia la dagaa naitambua. Samaki wadogo wanaoitwa furu walikuwa wameanikwa mchangani, wamelala wote upande mmoja. Korongo wenye vipara walitembea katikati ya watu bila kuogopa mtu. Mawe yalikuwa makubwa kama nyumba, na maji yalikuja, yakarudi, yakaja tena, na mimi nikasimama mbali nayo. Nyamisi alikuwa ameshaingia mpaka magotini, gauni amelishika kwa meno.

Hapo akaja mwanamke mrefu mwenye paji la uso la baba. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, na enzi zile kitenge kipya ulikiangalia hata kama hukutaka. Baba akamwita dada. Wakashikana mikono muda mrefu, wakaulizana habari za watu ambao sikuwajua. Mama akapiga magoti kidogo kumsalimia, akampa karanga.

"Huyu ni shangazi yenu Tabita," baba akatuambia. "Ametoka Murangi."

Shangazi Tabita alikuwa dada pekee wa baba. Alikuwa ameolewa na mvuvi wa Kijita huko Murangi, mbali kwa mtumbwi, na katika miaka yote ya ndoa yake hakupata mtoto. Haya nayasema leo. Siku ile sikuyajua, na kwangu alikuwa mwanamke wa ziwani, aliyekuja kupokea.

Alikuwa amekuja na sufuria ya sato wa kuchemsha na ugali mweusi wa mtama. Tulikula juu ya jiwe, ugali ukiwa kwenye sinia moja. Nililijua lile jambo, nilijua ni chakula cha mwisho, na nilikula kuliko wote. Kilikuwa kitamu. Sijawahi kumwambia mtu hili, kwamba nilikula nikijua, na bado kikawa kitamu.

Tulipomaliza, Shangazi akanivuta karibu, akavigeuza viganja vyangu juu, akavisugua kwa dole gumba.

"Mikono ya kazi," alimwambia baba. Kisha akaniuliza, "Unajuaga kuwasha moto wa kuni mbichi?"

"Ndiyo."

"Unaogopaga maji?"

"Naogopa."

"Mimi siogopi," Nyamisi akasema kutoka majini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Shangazi akacheka kidogo. "Utazoea," akaniambia mimi. "Wote huwa wanazoea."

Mtumbwi wa mashine uliokuwa unarudi Murangi ulianza kupakia. Abiria walikuwa wanaingia na magunia yao, wanawake wakipandisha nguo, mwenye mtumbwi akiwaita waliobaki. Baba alisimama, akakung'uta mchanga kwenye suruali. Hakuniangalia usoni.

"Wakuru, nenda na shangazi yako ukaone mtumbwi."

Sikusogea.

"Hujasikia?"

"Naumwa tumbo," nikasema.

Shangazi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, na haukuwa mkali. Mimi nilikuwa namwangalia Nyamisi, aliyekuwa ameshika ukingo wa mtumbwi na kuning'inia, miguu ikielea, anamchekea mwenye mtumbwi. Nikasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyokaa mdomoni. Nilisema, "Nyamisi ndiye anapenda. Mchukueni Nyamisi."

Nilifikiri namtoa afe. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu nikiwahadithia wananiambia ulikuwa mtoto, hukujua. Nilijua, kwa jinsi nilivyojua. Nilipima, nikachagua, na sikuchagua yeye.

"Wakuru," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

Nikakaa chini mchangani. Shangazi akajaribu kuniinua, nikawa mzito. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshampakia Nyamisi kwa mzaha, amemkalisha juu ya gunia la chumvi, anamuuliza jina lake. Akaita, "Mama Murangi, tunaondoka, hebu tumalize. Huyu ndiye wenu?"

Baba akamtazama dada yake. Dada yake akamtazama mama. Mama alikuwa anamnyonyesha Magesa, na hakuinua kichwa aliposema.

"Mwacheni huyu. Yule ameshapanda."

Halafu Shangazi akaniachia mkono. "Si ni wa kwetu wote," akasema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Akakunja kitenge, akaingia majini, akapanda.

Mashine iliwaka mara ya tatu. Nyamisi alitupungia mkono wenye kipande cha mkate. Alifikiri wanazunguka na kurudi. Baba alimpungia. Mimi nilisimama sasa, na nilikuwa nasubiri mtumbwi uzame. Niliusubiri pale utakapofika kwenye maji meusi, haukuzama. Niliusubiri kwenye yale mawe ya mbele, haukuzama. Ukazunguka mawe, sauti ya mashine ikabaki kidogo, nayo ikaondoka. Nikasema moyoni, basi ni huko nyuma, ambako hatuoni.

Mama akajifunga mtoto mgongoni. "Mmeshiba?" akatuuliza. Tulikuwa mimi na baba tu, lakini alisema hivyo, mmeshiba.

Basi la kurudi liliondoka saa tisa. Shangazi alikuwa ametuachia kikapu cha samaki wakavu na chumvi. Kilikaa kwenye kiti, kati yangu na dirisha, mahali alipokuwa amekaa Nyamisi, na hakuna aliyesema kihamishwe. Tulipofika kwenye mlima abiria walishuka ili basi lipande. Tukatembea nyuma yake, baba mbele, mama nyuma yake, mimi wa mwisho. Hakuna aliyelia, na mimi sikulia. Nilikuwa nimeshamaliza kujililia mwenyewe siku zile za kabla, na nilipotafuta kilichobaki kwa ajili ya mdogo wangu, sikukuta kitu.

Siku ya nne mvua ilinyesha.

Ilinyesha usiku kucha na mchana wake, watu wakatoka na makarai, majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa mlangoni nikaiangalia. Kwa hiyo yule msichana wa shuleni alisema kweli. Ziwa limepokea. Jirani mmoja alipouliza mbona Nyamisi haonekani, mama alimjibu, "Yuko kwa shangazi yake," na mimi nikaona hiyo ni lugha ya watu wazima, kama wanavyosema fulani amepumzika. Nyumbani jina lake halikutajwa. Samaki tuliwala mpaka wakaisha, na mama akala, na baba akala.

Nilishika kazi ambazo zingekuwa zetu wawili. Nilimbeba Magesa. Shuleni mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ametulia sana, anafaa kuigwa. Nilikuwa sijatulia, nilikuwa mbali. Mtu akinipiga, maumivu yalichelewa kufika. Mtu akinipa kitu kizuri, furaha nayo ilichelewa, na mara nyingine haikufika kabisa. Nilifikiri ndivyo watu wote wanavyokuwa wakishafikisha miaka tisa.

Ulipita mwaka, na zaidi. Siku moja karibu na Krismasi nilikuwa nachota maji, nikarudi na ndoo kichwani, nikakuta uani watu wamekaa. Shangazi Tabita alikuwa kwenye kiti. Pembeni yake alisimama msichana mnene, mwenye viatu, mafuta yanang'aa kwenye magoti. Alikuwa Nyamisi.

Niliishusha ndoo. Haikumwagika. Nikamwendea nikamshika shavu, likawa la moto na laini. Akanisukuma mkono, akamwambia Shangazi kitu kwa Kijita. Shangazi akamjibu, "Ni dada yako. Msalimie."

Baba alikuwa anatoka ndani. Nyamisi akamgeukia kwa heshima, kama mtoto aliyefundishwa vizuri, akasema, "Shikamoo mjomba."

Mtoto wa shangazi anamwita hivyo ndugu wa mama yake. Hakukosea. Baba alisimama pale mlangoni na mkono kwenye fremu.

"Marahaba," akasema.

Nilikuwa nategemea kwamba nikijua yu hai, kitu kitafunguka. Nilikaa naye siku tatu, nikamwangalia akila, akilala, akiongea lugha ambayo nilikuwa naielewa nusu. Hakikufunguka kitu. Nilikuwa nimemzika mimi mwenyewe, peke yangu, bila mtu kunisaidia, na sikujua mtu anafukuliwaje.

Miaka ikaenda. Mambo yakalegezwa, bidhaa zikarudi, ghafla kila kona ilikuwa na sukari na mafuta na mitumba iliyomwagwa kwenye maturubai. Ziwani furu wakapotea, sangara wakajaa, wanunuzi wa viwanda wakaanza kuja Murangi na magari ya barafu. Mume wa Shangazi akaongeza nyavu. Nyamisi akasomeshwa sekondari ya bweni. Mimi nilimaliza darasa la saba, mama hakuwa na mwingine wa kumsaidia, nikabaki. Baadaye niliolewa hapa Bunda, nikajifunza kushona. Nyamisi yeye anauza dagaa kwa jumla, ana mitumbwi yake, ana wajukuu. Tulionana kwenye misiba na harusi. Tuliulizana habari, tukapeana zawadi, tukaagana vizuri. Mtu wa nje asingeona kasoro.

Baba alitangulia. Mama alipofariki, Nyamisi alikuja akakaa wiki nzima. Siku ya mwisho tulikuwa mimi na yeye jikoni, mchana, tunachambua maharage ya watu waliobaki. Sikuwa nimepanga kusema. Nilisema tu.

Nilimwambia yote, kuanzia nyuma ya ghala. Nilimwambia kwamba aliyetakiwa kwenda ni mimi. Nilimwambia nilichodhani ziwa linataka, na kwamba nilimtaja yeye.

Aliendelea kuchambua. "Hilo la kwamba ulitakiwa wewe nalijua," akasema. "Mama aliniambia." Mama kwake ni Shangazi. "Nilikuwa na miaka kama kumi, nilishindwa kuwasha moto, kuni mbichi, mvua inanyesha. Akaniambia, yule mkubwa angeweza. Alisema kwa bahati mbaya, akaniomba radhi. Lakini lilishatoka."

"Pole."

"Toka hapo nilikuwaga nawaza, walimtaka yule, wakapata mimi. Nikawa nafanya kazi mpaka naumwa. Kila nikifanya jambo nauliza, je, Wakuru angelifanyaje?" Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Nilikuchukia sana, dada. Si kwa sababu ulibaki. Kwa sababu ulikuwa unafaa."

Nilikuwa nimebeba miaka yote hiyo kosa la kumwacha aende. Sikuwahi kufikiri kwamba huko alikokwenda alinikuta.

"Lakini hilo la kufa," akasema. "Ulifikiri nitakufa?"

"Ndiyo."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

"Na bado ukasema nichukuliwe."

"Ndiyo."

Akautua ungo mapajani. Nje watu walikuwa wanakunja maturubai. Sikujitetea, na yeye hakuniambia nilikuwa mtoto. Nilimshukuru kwa hilo, ingawa sikulitamka.

"Mimi nilipenda ule mtumbwi," alisema mwisho. "Hilo ndilo nalikumbuka. Siwakumbuki nyinyi, nakumbuka mtumbwi." Akasimama, akainjika sufuria. "Mama bado yuko hai, macho ndiyo hayaoni. Hujawahi kufika Murangi hata siku moja. Hata harusi yangu ulikuja kanisani Musoma ukarudi. Njoo."

Nilisema nitakuja, kama watu wanavyosema. Ilinichukua miezi mitano. Nilipanda basi hapa Bunda, nikabadilisha Musoma, nikaenda kwa barabara, sikutaka mtumbwi. Nyamisi alinipokea stendi, tukashuka kwa miguu kuelekea ziwani mpaka kwenye nyumba yenye bati jekundu. Shangazi Tabita alikuwa kibarazani, amekaa kwenye mkeka, mrefu hata akiwa amekaa, uso ameuelekeza kwenye maji asiyoyaona.

"Mama, kuna mgeni," Nyamisi akasema.

Nikapiga magoti. "Shikamoo shangazi. Ni Wakuru."

Alinyoosha mkono, akautafuta wangu, akaupata, akaugeuza kiganja juu. Akakisugua kwa dole gumba, akapita kwenye sugu za mkasi, taratibu, mpaka ncha za vidole.

"Umechelewa, mama," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mtoto uliyemtuma dukani akapotelea njiani. Nilitaka kumweleza, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nilikuwa na kazi, shangazi."

"Haya," akasema. "Kaa ule."